Daktari, kwani hujui ugonjwa mpaka uulize simu?

Wiki chache zilizopita mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mwanawe wa umri wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa amekohoa kwa siku tatu, na usiku uliotangulia alishikwa na homa. Nilimwomba mama akae, ampakate mtoto na kuinua fulana yake. Kisha nikatoa simu yangu mfukoni, nikaiweka juu ya goti na kuanza kukitazama kifua cha mtoto huku nikiitupia simu jicho. Mama alivumilia kwa muda. Mwishowe akasema: "Daktari, kwani hujui ugonjwa mpaka uulize simu?"

Swali hilo halikunikasirisha. Wagonjwa wengi wa mjini wanalo, ila wengi hulimeza na kurudi nalo nyumbani. Wanamwona daktari akiikodolea macho kompyuta kuliko anavyowatazama wao. Wanamwona mhudumu wa afya akibisha mlango akiwa na simu badala ya daftari. Wanajiuliza kama huyu aliyesomea udaktari kwa miaka mingi ameanza kusahau kazi yake, na mashine ikikosea, ni nani atakayebeba lawama.

Nia ya makala haya ni kulijibu swali la mama huyo. Jibu lenyewe halianzii hospitalini. Linaanzia katika vyuo vikuu, kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wanaoandika tasnifu za shahada za juu, na linapitia Marekani na Tanzania kabla ya kufika kwetu Eldoret na Nairobi. Lakini kwanza sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niitoe simu ile mfukoni.

PUMZI AMBAZO SIKUHESABU

Nilikuwa katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, katika hospitali moja ya umma. Alasiri moja foleni ilikuwa imefika nje ya jengo na nilikuwa peke yangu chumbani. Nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa miezi kumi aliyekuwa akikohoa. Nilimtazama mtoto, nikamsikiliza kifua, nikaandika dawa ya kuteremsha homa na kusema ni mafua. Sikuhesabu pumzi zake. Kuhesabu pumzi za mtoto huchukua dakika nzima kwa saa, na alasiri ile sikuwa na dakika nzima ya kumpa mtu yeyote.

Nyanya alirudi usiku wa manane. Kila mtoto alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua chake ilikuwa ikiingia ndani, na alikuwa ameshindwa kunyonya. Ilikuwa nimonia kali. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akadungwa dawa kwa siku kadhaa, na kwa bahati njema akapona. Nyanya hakunilaumu hata kidogo. Alinishukuru, na shukrani hizo ziliniuma kuliko lawama.

Msomaji, naomba uangalie jambo moja katika kisa hiki. Mimi sikukosa elimu. Ungeniuliza katika mtihani jinsi ya kutambua nimonia kwa mtoto, ningekujibu bila kusita. Nililolikosa ni mtu au kitu cha kunikumbusha wakati ule ule nilipohitaji kukumbushwa. Makosa mengi ya tiba huwa ya namna hii. Mtaalamu anajua, lakini amechoka, ana haraka, au ana mawazo mengine, na hatua moja inaruka.

Basi tatizo hili la hatua iliyoruka ndilo ambalo baadhi ya wanafunzi wa kompyuta walilichukua na kulifanya somo la shahada zao.

TASNIFU NI KITU GANI?

Mtu akimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, anaweza kuendelea hadi uzamili na hatimaye uzamifu, shahada inayomfanya aitwe daktari ingawa hatibu mtu. Katika uzamifu hatosheki kujifunza yale yanayojulikana. Ni lazima atafute swali ambalo halijajibiwa, alijibu kwa ushahidi, kisha aandike tasnifu na kuitetea mbele ya maprofesa. Kazi hii huchukua miaka kadhaa.

Tasnifu nyingi huishia katika rafu za maktaba. Hilo si ajabu wala si aibu, kwani maprofesa huangalia zaidi kama jambo ni jipya na kama limethibitishwa. Si lazima waulize kama muuguzi mwenye wagonjwa themanini ataweza kulitumia. Lakini kwetu sisi wa hospitali, hilo ndilo swali la kwanza. Kisa cha tasnifu moja mashuhuri kitatuonyesha pengo lililopo baina ya maswali hayo mawili.

MASHINE ILIYOWASHINDA MABINGWA

Mapema katika miaka ya 1970, kijana aitwaye Edward Shortliffe alikuwa akisoma udaktari na utafiti wa kompyuta kwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa tasnifu yake alitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Jina hilo lilitokana na mwisho wa majina ya dawa nyingi za kuua bakteria, kama vile streptomaisini na erithromaisini. Kazi ya programu ilikuwa kumshauri daktari ni dawa gani ampe mgonjwa mwenye bakteria katika damu, na baadaye pia mwenye homa ya uti wa mgongo.

Namna ilivyofanya kazi si vigumu kuielewa. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza waliulizwa wanavyofikiri, na mawazo yao yakaandikwa kama kanuni za "ikiwa" na "basi". Ikiwa bakteria wana umbo hili, na ikiwa mgonjwa yuko katika hali ile, basi yaelekea ni bakteria wa aina fulani. Kanuni hizo zilikuwa mamia. Kompyuta ilimuuliza daktari swali baada ya swali, ikazipitia kanuni zake, kisha ikatoa ushauri. Zaidi ya hayo, daktari aliweza kuiuliza kwa nini inataka kujua jambo fulani, nayo ikamwonyesha kanuni iliyokuwa ikiifuata.

Mwaka 1979 matokeo ya kuijaribu yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Wagonjwa 10 wenye homa ya uti wa mgongo walitolewa kama mfano. MYCIN ilitoa ushauri wake, na madaktari wa Stanford, wakiwemo wahadhiri waliobobea katika magonjwa hayo, wakatoa wao. Kisha mabingwa 8 kutoka kwingineko waliukagua ushauri wote bila kujua ni upi wa mashine na ni upi wa binadamu. Ushauri wa MYCIN ulikubaliwa kwa asilimia 65. Ule wa wahadhiri ulikubaliwa kwa kati ya asilimia 42.5 na 62.5.

Ungetarajia kwamba baada ya ushindi kama huo kila hospitali ingeitafuta programu ile. Lakini MYCIN haikuwahi kutumiwa kutibu wagonjwa katika kazi ya kila siku. Daktari alihitaji kukaa mbele ya mashine kwa nusu saa au zaidi akichapa majibu, kwa sababu wakati huo rekodi za wagonjwa zilikuwa katika makaratasi na kompyuta haikuwa na njia nyingine ya kuzipata. Pia watu walijiuliza nani angeshtakiwa iwapo mashine ingetoa ushauri mbaya. Kwa hivyo programu iliyokuwa na busara ya mabingwa ilishindwa na dakika thelathini. Mimi nilishindwa na dakika moja, kwa hivyo siwezi kuwacheka madaktari wale.

Hata hivyo tasnifu ile haikupotea bure. Iliwafunza watafiti waliofuata kwamba kuwa na jibu sahihi hakutoshi. Jibu linapaswa kumfikia mtibabu akiwa na mgonjwa mbele yake, bila kumwongezea mzigo.

KUTOKA KITABU HADI KIGANJANI

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na lile la watoto, UNICEF, yalitayarisha mwongozo wa kumwangalia mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano. Mwongozo huo hauhitaji mashine ghali. Unamtaka mhudumu aulize na aangalie mambo kwa mpango: kwanza dalili za hatari, kisha kikohozi, kuhara, homa, masikio, lishe na chanjo. Ni mwongozo mzuri, na Kenya na Tanzania zote mbili ziliukubali. Tatizo ni kwamba umo kitabuni. Kupekua kurasa mbele ya mgonjwa kunachukua muda, na wahudumu wengine huona haya, wakidhani mgonjwa atawaona hawajui kazi. Hivyo kitabu hukaa mezani, na mhudumu hutegemea kumbukumbu yake.

Brian DeRenzi, mwanafunzi wa shahada ya juu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliuchukua mwongozo huo pamoja na wenzake na kuutia katika kompyuta ndogo ya kiganjani. Mhudumu aliulizwa swali moja moja. Akijibu, kifaa kilimpeleka kwenye swali linalofuata kulingana na jibu lake, na mwisho kikampa aina ya ugonjwa na tiba inayopendekezwa. Hakikumruhusu kuruka hatua kimya kimya kama nilivyoruka mimi.

Walikijaribu kifaa hicho mashambani nchini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Yalikuwa majaribio madogo ya mwanzo, lakini waligundua kwamba kazi ilichukua karibu muda ule ule wa kawaida, wahudumu walijifunza haraka kukitumia, na walielekea kuufuata mwongozo vizuri zaidi kuliko walipotegemea kumbukumbu. Hapa kilichokuwa kimeishinda MYCIN, yaani muda, kilikuwa kimeanza kushindwa.

Kwa faida ya wazazi, nitaeleza kanuni ya pumzi iliyomo katika mwongozo huo, maana hata wewe waweza kuitumia nyumbani. Mtoto akiwa na kikohozi, ngoja atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo yake, tazama kifua au tumbo likipanda, na uhesabu kila kupanda kwa dakika moja kamili ukitumia saa. Mtoto wa chini ya miezi miwili anapumua haraka kupita kiasi akifikisha pumzi 60 au zaidi. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Ukipata hesabu hizo, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Nenda mbio bila hata kuhesabu ikiwa mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea sana au ni vigumu kumwamsha, au kifua chake kinaingia ndani anapovuta hewa. Dalili hizo hazingoji asubuhi.

KAZI ILIYOFIKA ELDORET

Katika idara ile ile ya kompyuta mjini Seattle, marehemu profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa uzamifu, akiwemo Carl Hartung, Yaw Anokwa na Waylon Brunette, walianza mwaka 2008 kutengeneza programu iliyoitwa Open Data Kit. Shabaha yake ilikuwa kuondoa fomu za karatasi. Mtu huandaa maswali yake mara moja, na wahudumu huyajaza katika simu ya mkononi. Simu huhifadhi majibu hata mahali pasipo na mtandao, kisha huyatuma kwenye kompyuta kuu mtandao ukipatikana. Watafiti hao waliitoa programu bure, tena kwa njia huria, kwamba mtu yeyote angeweza kuitazama ilivyoandikwa na kuirekebisha.

Miongoni mwa walioitumia mapema ni AMPATH, ushirika wenye makao yake Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana. Wahudumu wake walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakitoa ushauri nasaha na kupima virusi vya Ukimwi. Aliyewahi kubeba fomu za karatasi kwa miguu, kwenye mvua, kisha akangoja mtu mwingine azinakili katika kompyuta na kukosea nambari, ataelewa thamani ya mabadiliko hayo.

Eldoret haikuwa imeanza hapo. Tangu mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika barabara ya kwenda Kapsabet, kilikuwa na mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Rekodi hizo ndizo zilizowezesha jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Daktari Martin Were na wenzake walifanya kompyuta izipitie rekodi za watoto wenye virusi vya Ukimwi kabla ya siku ya kliniki, na kuchapisha karatasi yenye muhtasari wa kila mtoto pamoja na ukumbusho: huyu hajapimwa damu, huyu anahitaji eksirei ya kifua, huyu afanyiwe kipimo fulani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Pale mtibabu alipopewa karatasi yenye ukumbusho, kazi zilizokuwa zimechelewa zilitekelezwa kwa asilimia 68. Pale asipopewa, zilitekelezwa kwa asilimia 18.

Tafakari tarakimu hizo, msomaji. Ni hospitali ile ile, na watibabu wenye elimu ile ile. Kilichotofautisha asilimia 18 na 68 ni mistari michache ya wino iliyowekwa mbele ya macho kwa wakati unaofaa. Yaw Anokwa, akiwa bado mwanafunzi, aliliendeleza wazo hilo kwa kubuni, pamoja na watu wa Eldoret, njia ya kumwonyesha mtibabu muhtasari na ukumbusho kama huo katika simu.

Kazi za wanafunzi hao zimeenea kuliko wengi wetu tunavyofahamu. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi pamoja na simu. Fomu za programu iliyo katika simu hizo zimejengwa juu ya kanuni zile zile zilizoenezwa na Open Data Kit. Kwa hivyo mhudumu akibisha mlango wako Kayole au Kisauni na kuanza kukuuliza maswali kutoka kwenye simu, kuna kazi ya wanafunzi wa tasnifu ndani yake.

SIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Sasa nije kwenye hofu ya mama yule, kwamba mashine itachukua nafasi ya mtu. Utafiti mmoja wa Tanzania unalijibu suala hili vizuri kuliko hotuba yoyote.

DeRenzi na wenzake walitaka kuwasaidia wahudumu wa afya ya jamii wawazuru wagonjwa wao kwa wakati. Walitengeneza mfumo wa kuwatumia ujumbe mfupi kwenye simu: mgonjwa wako fulani amepitisha siku ya kuzuriwa. Mhudumu asipofanya ziara hata baada ya kukumbushwa mara kadhaa, ujumbe ulikwenda kwa msimamizi wake. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalipendeza. Wastani wa siku za kuchelewa ulishuka kutoka 9.7 hadi 1.4. Ni mara chache tu ambapo jambo lilifika kwa msimamizi.

Kisha watafiti wakaondoa hatua ya msimamizi, wakauacha ujumbe wa simu peke yake. Utendaji wa wahudumu ukazorota sana. Simu zilikuwa zile zile na ujumbe ule ule. Kilichokosekana ni binadamu aliyejua kama kazi imefanywa au la.

Mimi huwasomea wenzangu matokeo haya kila ninaposikia mtu akisema kwamba kompyuta itamaliza shida za hospitali zetu. Ukumbusho ambao hakuna anayeujali ni kelele tu. Kadhalika, ukumbusho wa kumpa mtoto dawa hauna maana ikiwa kabati la dawa ni tupu.

NA AKILI UNDE?

Wasomaji wa mjini watauliza kuhusu akili unde, ile inayoitwa AI, ambayo vijana huiuliza kila kitu kuanzia mapishi hadi mapenzi. Kuna tofauti muhimu. MYCIN na mwongozo wa watoto zilifuata kanuni zilizoandikwa na watu, na ukitaka unaweza kuzisoma kanuni hizo. Akili unde ya siku hizi imejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na hakuna orodha ya kanuni unayoweza kuifungua na kuikagua. Inaweza kujibu vizuri ajabu, na inaweza kukosea kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Jaribio moja lilifanyika hapa Nairobi katika kliniki 15 za Penda Health kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI, na matokeo yakatolewa Julai 2025. Yalihusu ziara za wagonjwa 39,849. Programu haikuzungumza na mgonjwa. Ilikaa nyuma, ikasoma yale ambayo mtibabu aliandika, na ikamwonya kwa rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Uamuzi ulibaki wa mtibabu. Madaktari waliokagua sehemu ya rekodi walipata kwamba watibabu waliokuwa na programu hiyo walifanya makosa machache zaidi, kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 katika tiba. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti baina ya makundi mawili haikuwa kubwa ya kutosha kuthibitisha lolote. Tena watibabu walihitaji kufunzwa na kuhimizwa na wenzao kabla ya kuyazingatia maonyo. Somo la Tanzania limejirudia.

WEWE MGONJWA UFANYE NINI?

Kwanza, usiogope kuuliza. Mtibabu akitazama kompyuta au simu, una haki ya kumuuliza anatazama nini na imemwambia nini. MYCIN iliweza kueleza sababu ya kila swali lake zaidi ya miaka arobaini iliyopita, basi daktari wako hawezi kushindwa.

Pili, sema ukweli wote. Programu na daktari hutegemea unayoyasema. Ukificha kwamba ulishanunua viuavijasumu dukani ukanywa nusu dozi, hakuna mashine itakayolijua hilo.

Tatu, linda siri yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinakusanywa kwa nini na zinakwenda wapi. Mhudumu akikuhoji nyumbani, muulize. Akishindwa kukujibu, omba kuzungumza na msimamizi wake.

Nne, usijitibu kwa simu. Kusoma ili uelewe ugonjwa wako ni jambo jema. Lakini simu yako haiwezi kuona kifua kinachoingia ndani, wala kugusa tumbo gumu, wala kutambua kwamba mtoto amelegea.

Na kwa wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vyetu vikuu, nina ombi. Mnapotafuta somo la tasnifu, njoni kwanza mkae katika benchi zetu. Kaeni wiki mbili katika kliniki ya watoto, mtazame muuguzi akiandika jambo moja katika rejista tatu, mhesabu dakika ambazo kila mgonjwa anapata. Baada ya hapo ndipo mfungue kompyuta zenu. Waliofanikiwa katika visa nilivyovieleza walikwenda kwanza mahali ambapo wagonjwa wako.

Mama yule nilimweleza haya kwa ufupi, kwani foleni ilikuwa ndefu. Simu yangu ilikuwa na kazi mbili tu: kupima dakika moja kamili, na kunionyesha kanuni ya umri wa mtoto wake. Pumzi zilikuwa 46. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hiyo ni nimonia, lakini kifua hakikuwa kikiingia ndani na alikuwa akinywa vizuri, kwa hivyo nilimpa dawa ya kunywa nyumbani, nikamweleza dalili za hatari na kumtaka arudi baada ya siku tatu.

Alirudi. Kabla sijaitoa simu mfukoni, mama alikuwa amekwisha kumpakata mtoto na kuinua fulana yake. "Nimemhesabu asubuhi kwa saa ya ukutani, daktari," akaniambia. "Ni thelathini na mbili." Nilihesabu na mimi. Zilikuwa thelathini na mbili.